Tela Huenda Sawa Likikaa Sawa: Siku Moja Kisenyi

Ukisimama juu ya kilima cha Old Kampala, pale ambapo Kapteni Lugard alijenga ngome yake mwezi Desemba 1890 na ambapo leo umesimama Msikiti wa Taifa, kisha ukatupa macho bondeni upande wa Mengo, utaona mapaa ya mabati yenye kutu yaliyobanana kama magunia ghalani. Hapo ndipo Kisenyi. Jirani yake ni soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, na mfereji wa Nakivubo uchukuao maji ya mji na kuyapeleka Ziwa Victoria. Wengi hulijua bonde hili kwa matope na msongamano tu. Nami nililijua hivyo hivyo, hadi Jumamosi moja nilipokwenda huko pamoja na mjomba wangu, askari polisi mstaafu, kulitafutia dawa tela lake.

Mjomba alipostaafu alitumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua Land Rover ya zamani na tela dogo la magurudumu mawili. Shabaha yake ilikuwa kununua mashine ya kusaga mahindi na kuipeleka nyumbani Luweero, zaidi ya kilomita 60 kaskazini ya Kampala, awasagie wanakijiji. Land Rover hiyo ilikuwa imeinuliwa springi na mwenyewe wa kwanza na kuvishwa matairi makubwa ili ipite matopeni. Ikawa ndefu kama twiga. Na tela lilipofungwa nyuma yake, ulimi wake ulielekea mbinguni na mkia wake ukaelekea ardhini.

Mjomba hakujali. Lakini mwezi mmoja kabla ya safari yetu, alipokuwa akiteremka mlima katika barabara ya Bombo na shehena ya mifuko ya saruji, tela lilianza kuyumba kushoto na kulia, likalivuta gari hadi ukingoni, hatua chache tu kutoka walipoketi akina mama wauza mananasi. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo mkaza mjomba, aliyekuwa ameketi mbele, aliapa kwamba hatapanda tena gari lile likiwa na tela. "Umelinda roho za watu miaka thelathini," alimwambia mumewe. "Usije ukaziangamiza kwa mifuko ya saruji."

Tuliingia Kisenyi saa mbili asubuhi. Tulilakiwa na vumbi jeupe la unga, kwa maana bonde hili limejaa vinu vya mahindi, na wapagazi hupishana mbio wakiwa na magunia mgongoni. Mbele kidogo yako maduka ya Wasomali, ambao wengi wao walikimbia vita kwao wakapata makazi hapa. Kisha zikaanza sauti za nyundo. Kisenyi na jirani yake Katwe ndiko wanakofua mageti, majiko, matoroli na hizo hizo mashine za kusaga. Hapa chuma hakitupwi. Mlango wa lori lililokufa huzaliwa upya ukawa kikaango. Na ingawa Kiganda ndicho kitangulizi, Kiswahili chetu cha kambini kilitufikisha kila mahali. Katiba ya Uganda ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, lakini sokoni hapa Msomali, Mkongo na Mganda hawakuingoja Katiba ili wapatane bei.

Fundi wa kwanza tuliyemwendea alitazama mara moja tu. Alisema atakikata chuma cha kuvutia tela kilichopo, achomelee kingine chini zaidi. Kazi ya saa moja, na bei yake nafuu. Mjomba alikuwa karibu kukubali, ndipo fundi wa kibanda cha pili, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akauliza kwa upole:

"Afande, gari hili huenda wapi lisipokuwa na tela?"

"Shambani, na kuvuka vijito."

"Basi chuma kikichomelewa chini, siku utakapopanda ukingo wa kijito kitachimba ardhi kama jembe. Na kesho ukiazimwa tela la jirani lenye ulimi wa juu kuliko hili, utakata tena?"

Mjomba alinyamaza. Fundi yule akatuonyesha chuma cha aina nyingine, kilichotoka katika Land Rover iliyovunjwa. Kilikuwa bamba nene la wima lenye matundu yaliyoachana sentimita 5. Kipande kibebacho tufe, yaani kile kichwa cha mviringo kinachoshikwa na ulimi wa tela, hupanda na kushuka juu ya bamba hilo, kikafungwa kwa pini mbili nene. Mtu akiwa na tela hukishusha; akiwa hana, hukipandisha au hukitoa kabisa.

Cha kustaajabisha ni kwamba fundi hakushika spana kwanza, bali tepu ya kupimia. Aliliweka tela mahali palipo sawa, akalilaza pimamaji juu ya sakafu yake, akaupandisha na kuushusha ulimi kwa jeki mpaka tone la hewa likatulia katikati. Ulimi ulikuwa sentimita 43 kutoka ardhini. Kisha akapima tufe la gari: sentimita 56.

"Tofauti ni 13," alisema mjomba. "Tushushe matundu matatu."

"La, Afande. Gari tupu si gari lenye mzigo." Akatuamuru tupakie mafuta, vyombo, na sisi wenyewe tuketi ndani. Springi zikalala, na tufe likawa sentimita 53. Basi ilitosha kushusha matundu mawili tu, sentimita 10, nalo tela likae sawa sawa safarini.

Nilimwuliza kwa nini ulimi ukielekea juu tela huyumba. Alieleza vizuri kuliko walimu wengi niliowajua chuoni. Ulimi ukiinuka, uzito hurudi nyuma ya ekseli ya tela. Uzito huo huunyanyua mkia wa gari, magurudumu ya nyuma hupoteza mshiko, na hapo tela huacha kufuata likaanza kuongoza. Ulimi nao ukilemewa mno, pua ya gari hunyanyuka na usukani huwa mwepesi. Kwa hiyo kwanza ulimi uwe katika kimo chake, kisha mzigo upangwe.

Kazi yenyewe ilichukua saa tatu. Alisugua fremu kwa brashi ya waya akitafuta ufa na kutu. Hakuchomelea, kwa kuwa, alisema, moto usiopimwa hudhoofisha chuma kando ya kiungo bila mwenye gari kujua. Alitoboa, akaweka mabamba ya kuimarisha upande wa ndani, akafunga kwa bolti mpya zilizopigwa chapa 8.8 kichwani. "Bolti isiyo na chapa hatuujui ukoo wake," alisema. Alipopima tufe la zamani alikuta limelika hadi chini ya milimita 49, ilhali kipimo chake ni 50, akalitupa kwenye pipa la chuma chakavu. Akatuonya pia dhidi ya tufe la inchi 2, ambalo ni karibu milimita 51, kwa sababu ulimi wa milimita 50 huweza kuonekana umelishika kumbe haukufunga. Mwisho alipitisha minyororo miwili ya usalama kwa kupishana chini ya ulimi, na kujaribu taa za breki na za kukatia kona moja moja.

Tukanunua mashine mtaa wa pili, tukaipakia pamoja na injini yake ya dizeli. Tela na mzigo vilikuwa kilo 800. Nilidhani tumemaliza, lakini fundi aliazima mizani ya nafaka kwa mwenye kinu, akausimamisha ulimi juu yake kwa gogo, katika kimo kile kile cha sentimita 43. Mizani ikasoma kilo 20. Akatikisa kichwa. Uzito wa ulimi yafaa uwe baina ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote, maana yake kilo 40 hadi 80 kwa tela letu. Vijana wanne wakaisogeza injini mbele, ikafungwa kwa kamba upya, na mizani ikasoma kilo 60.

Mjomba aliitazama injini ile kwa muda. "Basi siku ile saruji yote niliipanga nyuma," alisema, na hakuongeza neno.

Fundi alituaga kwa mawaidha mawili, nami nayaandika hapa kwa manufaa ya kila dereva. La kwanza: tela likianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mwendo, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyoka, mwendo upungue wenyewe. La pili: bolti mpya hukazwa tena baada ya mwendo mfupi, hata kama ulizikaza kwa jasho.

Jioni tulimpitia mkaza mjomba Mengo, alikokuwa amefikia kwa ndugu zake. Hakupanda. Alilizunguka tela mara mbili, akamwomba mumewe lile pimamaji jipya alilolinunua, akaliweka kwa mkono wake mwenyewe juu ya tela, akainama kulitazama tone la hewa. Kisha akafungua mlango wa mbele akaketi.

Tulisimama Bombo, tukakaza bolti. Moja iligeuka robo mzunguko. Kuanzia hapo hadi Luweero tela lilitufuata kimya kama ndama amfuatavyo mamaye.

Mashine ile sasa inasaga. Land Rover inapokwenda shambani bila mzigo, mjomba hukipandisha kile chuma matundu mawili, nayo hupita kijito bila kugusa udongo. Anapolifunga tela, hukishusha tena. Na kabla hajawasha gari, mkaza mjomba hutoka nyumbani akiwa na pimamaji mkononi.