Kabati: Hesabu ya Mbwa na Haki ya Jirani

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Kabati huweza kuiacha barabara kuu ya Nairobi pale Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni. Huvuka mto Athi, akapita Ikutha, Mutomo na mji wa Kitui, ndipo akafika Kitui Magharibi iliko Kabati. Minazi huwa imekwisha zamani. Mibuyu na migunga imeshika mahali pake.

Kwetu pwani, mwenye vichochoro ni paka. Huku ni mbwa, ambaye Wakamba humwita ngiti. Hulinda mbuzi dhidi ya fisi, na mgeni akibisha hodi, husubiri mbali mpaka mwenyeji atoke.

Je, nyumba moja ifuge wangapi? Wako waliojibu kwa hesabu. Katika nyumba za serikali za Singapore huruhusiwa mbwa mmoja wa aina iliyokubaliwa na, tangu Septemba 2024, paka wawili. Sheria hiyo yafaa ghorofani, watu wanapogawana ukuta na ngazi. Kwa mfugaji wa Kabati, mbwa mmoja huenda malishoni na mwingine akabaki kulinda nyumba. Sheria ya Kenya ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, hutazama zaidi ugonjwa: eneo likitangazwa kuwa na maradhi, mbwa hutakiwa kuchanjwa na kuzuiwa wasizurure.

Ndugu msomaji, hofu hiyo ina sababu. Dalili za kichaa cha mbwa zikishamtokea binadamu, ni nadra sana kupona. Na katika vifo 100 vya aina hii, takribani 99 chanzo chake ni mbwa. Kenya imejiwekea mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuumaliza ugonjwa huu, Kitui na Makueni zikiwa miongoni mwa kaunti za kuanzia. Wataalamu husema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Hapo ndipo idadi inapopata maana. Aliye na mbwa watano na kumchanja mmoja, amemwachia jirani hatari ya wanne. Anayetupa vilebu njiani amejipunguzia mzigo kwa kuwatwika wengine.

Waislamu tumefundishwa kuwa mbwa wa mifugo, wa shamba na wa mawindo ana ruhusa yake. Tumefundishwa pia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Paka huyo alikuwa mmoja tu. Basi kabla ya kuuliza tufuge wangapi, tujiulize ni wangapi tunaoweza kuwalisha, kuwachanja na kuwazuia wasimdhuru mtoto wa jirani.

Na mtoto akiumwa, asifichwe wala asingojewe. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Watoto nao waelezwe wasinyamaze kwa kuogopa kugombezwa.