Sado la Mamdogo

Kirumba ukiulizwa "umeokoka?" jibu linatakiwa hapo hapo: ndiyo au bado. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, basi huwa nabaki na swali la Nikodemo, mtu mzima anazaliwaje tena?

Mamdogo aliokoka akiwa na miaka hamsini na kitu. Alikuwa anauza dagaa Mwaloni, na sado lake la kupimia lilibonyezwa kitako kwa ndani. Nyumbani sote tulijua. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye lile bonde. Alipookoka alinunua sado jipya, kisha akaanza kuwazungukia wateja wake wa kudumu, mmoja mmoja, na hela mkononi. Mmoja alimcheka. Mwingine alipokea, akazihesabu, akaondoka bila kuaga.

Baadaye nilisoma habari za uamsho wa Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Ulienea Uganda, ambako waliookoka waliitwa Balokole, ukafika mpaka Bukoba, upande wa pili wa ziwa letu. Wale nao walitubu hadharani, wakarudisha walivyoiba na kulipa madeni. Kuzaliwa kwao kulikuwa na gharama. (Labda ndiyo maana mahubiri ya spika za mtaani hunipita tu.)

Siku moja nikamuuliza, "Mamdogo, na ile ada yangu je?"

Aliendelea kuchambua dagaa.

"Ile nimeshailipa, mwanangu. Ila na wewe ulikuwa unalijua lile sado."