Kapu la Mavuno

Mwaka ule paroko aliiagiza jumuiya yetu iandike historia fupi ya imani katika Morogoro, isomwe Jumapili ya mavuno kabla ya matoleo. Tuliipokea kazi hiyo kwa furaha. Miaka tuliijua: Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaingia bara hadi Mhonda mwaka 1877, na mwaka 1882 wakafungua misheni Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mwaka 1953 Morogoro ikawa jimbo, na baadaye Askofu Adriani Mkoba akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Karatasi moja ilitosha.

Tulipoisoma jumuiyani, kijana mmoja aliuliza, "Hao mapadre walikuja peke yao?"

Hawakuja peke yao. Misheni ya Bagamoyo ilikuwa imekusanya watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wengine kwa kununuliwa katika soko la Unguja kabla halijafungwa mwaka 1873. Walibatizwa, wakajifunza kilimo na ufundi, wakaoana. Misheni mpya zilipofunguliwa bara, familia zao zilitumwa kuishi huko, ziwe kijiji cha Kikristo. Walilima na kujenga, na jirani aliyetaka kujua Mkristo anaishije aliwatazama wao, si padre peke yake. Tukaongeza aya moja kusema hayo.

Hapo bibi mmoja wa jumuiya yetu akasema taratibu, "Wanangu, hiyo ya watumwa iondoeni."

Hakuwa na hasira. Sisi Waluguru, mtu ni wa ukoo wa mama yake. Ukoo ndio unaompa shamba, ndio unaosimama naye msibani. Aliyeletwa bila ukoo aliulizwa, "Wewe ni wa nani?" na hakuwa na jibu. Bibi alilisikia swali hilo akiwa mtoto, mtoni, akiulizwa mama yake. Nyumbani kwao waliamua lisizungumzwe tena. "Sasa mtalisoma mbele ya kanisa zima," alisema, "na wajukuu zangu wamekaa pale?"

Tulinyamaza. Wengine tulitaka aya iondolewe kwa heshima yake. Wengine tuliona kwamba ikiondoka, wanabaki wageni tu, kana kwamba imani ililetwa kwetu bila mikono ya Mwafrika. Lakini lilikuwapo jambo zito zaidi, na ilibidi tulikiri: nyumba zetu, zenye ukoo na mashamba, ndizo zilizouliza lile swali. Tulikaa benchi moja kanisani, tukapokea Ekaristi moja, kisha tukarudi nalo nyumbani.

Tulifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 26. Mwisraeli anapoleta kapu la malimbuko, haambiwi ajisifu kwa mavuno. Kapu likiwa mbele ya altare, anaagizwa akiri kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, kwamba walitumikishwa Misri, na kwamba Bwana ndiye aliyewatoa. Aliyepaswa kuona aibu ni Farao, wala si yeye.

Bibi aliomba tusome tena. Tukasoma. Akakaa kidogo, halafu akasema, "Basi andikeni. Ila msinitaje."

Hatukumtaja. Tuliongeza sentensi moja ya kuomba radhi kwa niaba ya nyumba zetu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuiandika kuliko miaka yote tuliyoipanga.

Jumapili ile watu walileta magimbi, mikungu ya ndizi, mboga za Mgeta na kuku waliofungwa miguu. Msomaji alipofika kwenye aya ile, kanisa lilitulia. Wakati wa matoleo bibi alipita na ungo wa mchele kichwani, wajukuu zake wakimfuata. Baada ya misa mwanamke mmoja wa ukoo mkubwa pale kijijini alimwendea, akampigia magoti, akamwamkia. Hatukusikia walichozungumza.

Tangu hapo, tunapowaombea marehemu waliotuletea imani, hatuishii kwa mapadre. Tunawaombea pia wale waliotembea nao kutoka Bagamoyo, wanaume kwa wanawake. Majina yao hatukuyahifadhi sisi. Mungu anayo.