Safari ya Siku Tatu Kaskazini ya Uingereza: Tulivyojipanga



Mara nyingi mnatuuliza sisi tulioko huku Uingereza kama kweli tunatembea, au maisha yetu ni kazi, baridi na kulipa bili. Jawabu ni kuwa tunatembea, lakini kwa mpango. Leo tunakuelezeni tulivyoipanga safari yetu ya mwisho wa wiki, Ijumaa mpaka Jumapili, huko mashamba na milimani kaskazini ya nchi hii. Ukiwa unaishi huku, au unakuja kumtembelea ndugu, inshaAllah utapata la kukufaa.

Sisi ni wanawake sita, wanne wa Unguja na wawili wa Pemba, tunaishi Leeds na Bradford. Aliyepewa kalamu ni fundi cherehani mwenye kiduka chake cha mabuibui, lakini maneno haya ni ya sote.

Safari hii ina sababu. Mwenzetu mmoja alifiwa na mume mwaka jana, Allah amrehemu. Eda yake ya miezi 4 na siku 10 ilimalizika zamani, lakini yeye hakutoka. Akitoka kazini anapita skuli kuchukua watoto, anarudi nyumbani, basi. Marehemu alikuwa akipenda magari moshi, na kila mwaka akimwambia mkewe kuwa atampeleka kuona daraja la reli la Ribblehead. Hawakuwahi kwenda. Tuliposikia hivyo tukasema, daraja hilo liko karibu tu, twendeni.

Yeye akakataa. "Nyie nendeni. Mie sina pesa ya kutembea, na wala sitaki kuchangiwa."

Dada zetu, neno hilo lisikilizeni vizuri, kwa sababu vikundi vingi huvunjikia hapo. Mtu akilipiwa, safari inakuwa ya wenziwe, yeye ni mgeni ndani yake. Tungemlipia kwa siri angejua tu. Kwa hiyo hatukumlipia. Tulifanya kibubu: kila kiti kilipiwe pauni 10 kwa wiki, kwa wiki 12, awe tajiri awe maskini. Viti 7, jumla pauni 840. Hapo tukapata nyumba ya kukodi yenye jiko kwa siku mbili, gari, mafuta, chakula, maegesho na akiba kidogo. Pauni 10 aliiweza. Daftari la hesabu tukampa yeye, kwa sababu ndiye mwenye mkono mzito wa kutoa pesa kuliko sote.

Mtauliza, wanawake sita, viti 7 vimetoka wapi? Mwenzetu mmoja alisema wazi kuwa hasafiri bila maharimu. Wengine tunafuata kauli ya wanazuoni wanaoruhusu wanawake waaminifu wasafiri pamoja njia ikiwa ya amani. Hatukubishana. Kijana wake wa miaka 19 anakuja, atalala chumba cha chini, nasi tuko juu na choo chetu. Tulipotafuta nyumba, hilo la vyumba na vyoo ndilo tuliloliuliza mwanzo, kabla ya bei. Na kila mwenye mume alizungumza na mumewe mapema, si siku ya kufunga mkoba.

Sasa njia. Kikao cha kwanza kila mtu alikuja na pake. Huyu anataka York, huyu Whitby akale samaki, huyu Ukuta wa Hadrian, huyu maziwa ya Lake District. Tukatandika ramani mezani na futi ya kushonea juu yake, tukapima. Kwenye ramani sehemu zote ziko jirani. Lakini barabara za huko ni nyembamba na zinapinda kama Mji Mkongwe, na mwendo wa saa moja unaweza kuwa saa mbili nyuma ya trekta. Tukabakisha pande mbili tu zinazopakana: Yorkshire Dales, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1954, na Lake District, hifadhi tangu 1951 na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2017.

Ijumaa tunatoka Leeds baada ya sala, tunashika barabara ya A65 kupitia Skipton na Settle mpaka Kirkby Lonsdale, mji mdogo ulio baina ya pande hizo mbili. Hapo ndipo tulipokodi nyumba, tusihame kila usiku. Jumamosi tunakwenda Windermere, ziwa refu kuliko yote ya England, kiasi cha kilomita 17, tupande boti. Jumapili tunarudi kwa njia ya Ribblehead. Daraja lake lina matao 24, lilijengwa miaka ya 1870 katika uwanda mtupu wa upepo. Vibarua waliishi hapo kwenye vibanda na wake na watoto wao, na wengi walikufa, wakazikwa kijiji cha jirani cha Chapel-le-Dale. Tukishuka tunapita Saltaire, kwenye kiwanda cha sufu alichokifungua Titus Salt mwaka 1853. Hapo ni kwa ajili ya fundi cherehani, wengine mtamsubiri kwenye chai.

Kuhusu gari, sikilizeni. Gari ya viti 7 ikijaa watu 7, nyuma hakubaki pa kutia hata begi moja. Kodini ya viti 9. Leseni ya kawaida ya gari huku inaruhusu abiria wasiozidi 8 ukimtoa dereva, kwa hiyo huhitaji leseni nyengine. Huku tunaendesha kushoto kama nyumbani, lakini vibao ni vya maili. Ukiona duara jeupe lenye mstari mweusi, maana yake kwenye barabara ya njia moja moja mwisho ni maili 60 kwa saa. Huo ni mwisho, si amri. Kuna barabara gari mbili hazipishani, na pembeni kuna vijisehemu vya kusubiria. Mwenye kijisehemu upande wake asimame ndani, mwenye kijisehemu upande wa pili asubiri usawa wake mwenzie apite. Kondoo nao hawajui sheria. Na ramani ya simu ikikuambia pita Hardknott, usikubali. Mlima ule una mahali unapanda mita moja kwa kila mita tatu. Ipakueni ramani nyumbani, mabondeni simu hazishiki.

Tulichagua mwisho wa Septemba kwa sababu ya sala. Mwezi wa Juni jua la kule linazama karibu saa nne usiku, Isha inakukuta huku unalala na Alfajiri inakugonga hujageuka ubavu. Mwisho wa Septemba Magharibi inaingia kiasi cha saa moja. Safari yetu inapita masafa ya kupunguza sala, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Isha ni rakaa mbili mbili, na tutakusanya panapohitajika. Misikiti milimani hakuna. Tunachukua misala miwili, chupa za maji za kutilia udhu, na dira ya kibla. Wallahi majani ya kule ni masafi, utasali ukiwa umezungukwa na kuta za mawe zisizotiwa saruji, kama zile za matumbawe kwenye mashamba ya Makunduchi.

Chakula tunabeba. Kuku wa halali anatoka Bradford amekwishatiwa viungo, sambusa zimegandishwa, chapati zimesukumwa, na chupa tatu za chai ya maziwa. Mkipita Hawes mtakuta jibini maarufu ya Wensleydale. Someni kwanza karatasi yake, kwa sababu jibini nyengine hugandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama. Yenye alama ya kuwafaa wasiokula nyama haina hicho.

Na nguo: viatu visivyoteleza, koti la mvua la kufika magotini, na mtandio wa kubana, si wa kurushia begani. Upepo wa kule unavua.

Lilibaki jambo moja tu, dereva wa pili. Mwenye gari alitaka majina mawili kwenye bima, na wenye leseni katika sisi ni wawili: fundi, na huyu mwenzetu. Yeye hakushika usukani tangu mumewe aondoke, gari yao aliiuza. Hatukumwambia kitu. Tulisoma fomu kwa sauti, tukafika pahala pa dereva wa pili, tukanyamaza. Chai ikapoa. Kisha akafungua mkoba, akatoa leseni akaiweka mezani, akasema, "Jumapili naendesha mimi. Lakini kutoka Kirkby Lonsdale mpaka darajani tu. Baada ya hapo sijui."

Tukaandika jina lake. Jumamosi mbili zilizofuata alikuja na fundi kwenye uwanja wa maduka makubwa asubuhi kabla watu hawajaamka, akazunguka, akarudi nyuma, akaegesha. Ya pili alitoka mpaka barabarani.

Tunaondoka Ijumaa hii inshaAllah. Watoto wake wanakaa kwa wifi yake, kibubu kimetimia na daftari halina deni. Tuombeeni njia ya salama, na mwenye mjane katika mtaa wake asimuulize kama anahitaji kitu. Amuulize angependa kwenda wapi.