Sarafu ya Asiyekuwepo

Ugiriki mwaka mpya hauingii bila vasilopita, keki ya Mtakatifu Basili inayokatwa Januari 1 ikiwa na sarafu ndani. Ukiikuta kwenye kipande chako, bahati ya mwaka mzima ni yako!

Sasa kuna bibi mmoja wa Thessaloniki, keki ya dukani hataki kuisikia. Anakwaruza ganda la chungwa, anapiga siagi na sukari, mayai moja moja. Unga je? Hana kipimo. Ukimuuliza anajibu, "Kadiri utakavyokubali." Mjukuu wake wa kike ameshaandika jibu hilo kwenye simu, na bado keki inamtoka jiwe.

Kukata nako kuna utaratibu. Kwa kawaida kipande cha kwanza cha Kristo, kingine cha Bikira Maria, kingine cha nyumba, halafu watu kuanzia mkubwa. Asiyekuwepo naye anakatiwa. Mtoto wa kiume wa bibi yuko Ujerumani. Aliondoka miaka ile baada ya 2010 uchumi ulipobana, kama vijana wengi wa kule, na kurudi ndio imekuwa "mwakani, mwakani".

Mwaka huo sarafu ikatokea kwenye kipande chake.

Wajukuu wakadakia, "Bibi, mjomba hayupo, ukate tena!"

Bibi akaifuta, akaitia kwenye bahasha. "Siitumi kwa posta. Aje aichukue mwenyewe."

Meza nzima kimya. Kumbe bibi hakuwa anaongelea sarafu.

Haya wadau, ungekuwa mjomba, ungekata tiketi? Tiririka hapo chini.