Msimamizi Si Mwenye Mali

Hapana nyumba isiyofikiwa na msiba, msomaji wangu. Wewe u kijana, na pengine hujapata kufiwa na mtu aliyekulea, lakini siku moja utaketi katika matanga ya jamaa yako, na kilio kikiisha kukoma utasikia swali lisikikalo kila mahali: "Nani sasa ataangalia mali?" Wengi hudhani kwamba kuuliza hivyo ni sawa na kuuliza, "Nani sasa ni mwenye mali?" Sivyo. Maswali haya mawili yana majibu mbalimbali, na jamaa nyingi zimefarakana kwa kuyachanganya. Nitakuonyesha tofauti yake kwa mambo niliyoyaona katika jamaa yangu mwenyewe.

Mjomba wangu alikuwa mkulima katika milima ya Taita. Alifariki pasipo kuandika wasia. Aliacha mjane, binti wawili, ambao mkubwa wao alikuwa ameolewa, na mwana mmoja wa miaka 14. Mali yake ilikuwa shamba, ng'ombe wanne, duka dogo alilolipangisha, na akiba kidogo benki. Kabla ya matanga kwisha, mdogo wake marehemu alianza kupokea kodi ya duka, akauza na ng'ombe mmoja. Hakujiona mwivi. Alisema kwamba ndugu ndiye baba wa watoto wa nduguye, na kwamba binti aliyeolewa amekwisha kupata kwao kwingine. Mjane naye alipokwenda benki aliambiwa kwamba fedha za marehemu hazitolewi bila ya hati ya mahakama. Wakati huo karo ya mtoto ilikuwa ikidaiwa.

Jamaa walinitaka niandamane na mjane kwa wakili, kwa kuwa ualimu umenizoeza kusoma karatasi ndefu. Wakili yule, mwanamke mtulivu wa maneno machache, alitaja kwanza ada yake na kuiandika, ili pasiwe na ugomvi mbele. Kisha alitufungulia Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu cha 45 chasema kwamba mtu asiyepewa mamlaka na sheria au na hati ya mahakama hana ruhusa kuchukua wala kuuza mali ya marehemu. Avunjaye amri hii aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

"Neno hili lamhusu shemeji yako," alimwambia mjane, "na wewe pia lakuhusu, mama."

Wakili alimwandikia shemeji barua ya adabu, naye akaacha kupokea kodi. Ndipo tulipoanza kukusanya karatasi: cheti cha kifo, taarifa ya shamba kutoka ofisi ya ardhi, hati za kiapo, na barua ya chifu inayotaja wote walioachwa na marehemu. Barua ya kwanza haikuwa na jina la binti mkubwa. Wakili alikataa kuipokea. Alieleza kwamba mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja ya kuwa binti wapewe ardhi kidogo kwa sababu wataolewa, na kwamba Katiba ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi kati ya mume na mke. Tena, hati iliyopatikana kwa kumficha mrithi yaweza kufutwa hata baada ya miaka mingi. Barua ikaandikwa upya.

Kwa kuwa mmoja wa warithi alikuwa mtoto, mahakama haikuweza kumpa mtu mmoja peke yake usimamizi. Mjane na binti mkubwa waliomba pamoja. Habari ya maombi yao ilitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku 30 zikatolewa kwa kila mwenye pingamizi. Shemeji alileta pingamizi lake, akasikilizwa kwa heshima mpaka mwisho. Hakimu alimjibu kwamba, pasipo wasia, sheria huanza kwa mjane katika kuchagua msimamizi, na kwamba bei ya ng'ombe sharti irudi. Aliirudisha kidogo kidogo.

Siku hati ilipotolewa, mjane aliibana kifuani, akasema, "Sasa mali ni yangu." Wakili alitikisa kichwa. "Hati hii haikupi mali, mama. Inakupa kazi."

Maneno hayo, msomaji, ndiyo niliyotaka uyasikie. Msimamizi hukusanya mali, hulipa gharama za maziko na madeni, hutunza hesabu, kisha hugawa. Binti mkubwa alinunua daftari la shule. Mstari wa kwanza aliandika kodi ya duka. Mstari wa pili, karo ya mdogo wake. Miezi sita ilipopita, muda uliowekwa na sheria kwa kawaida, walirudi mahakamani na daftari lile ili hati ithibitishwe. Hakimu alimwuliza kila mrithi mzima kama ameridhika. Mjane alipata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na haki ya kutumia mali nyingine maisha yake yote. Lakini hawezi kuuza ardhi bila ya idhini ya mahakama. Baada yake mali ni ya watoto, sawa kwa sawa. Shughuli yote ilichukua karibu miaka miwili.

Si kila jamaa inayo ada ya wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliwekwa kwa ajili ya watu kama hao, na shirika la Kituo cha Sheria limewasaidia maskini tangu mwaka 1973. Mirathi ya Waislamu hufuata sheria ya dini yao, na Kadhi huiamua. Naye mwenye kuandika wasia na kuutia sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote humo huwapunguzia walio nyuma yake taabu nyingi.

Wewe uliyesoma utaitwa mapema kuliko unavyodhani, kwa kuwa jamaa humtafuta ajuaye kusoma. Ukiitwa, zisome karatasi kwa sauti mbele ya wote, na yule asiyejua kusoma umketishe karibu nawe. Andika kila shilingi. Na jina la mrithi likikosekana katika orodha, usitie sahihi yako hata kama aliyekuletea kalamu ni mkubwa wako.