Pate: Kisiwa Kinachongoja Maji Yajae

Ndugu msomaji, ukitaka kwenda kisiwani Pate usiulize mashua inaondoka saa ngapi. Uliza maji yanajaa lini. Kutoka Lamu, nahodha hupitisha chombo katika mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambako mikoko imesongamana pande zote na maji ni haba. Ukichelewa, chombo hukwama topeni, nawe utakaa ukiwatazama kaa mpaka bahari irudi.

Ukishukia Mtangawanda, mji wa Pate uko mwendo wa saa moja hivi kwa miguu. Kando ya nyumba za mawe za wenyeji utayaona magofu ya Wanabahani, masultani waliotawala hapa kwa karne kadhaa. Kuta zilizopakwa chokaa zingali zimesimama, na katikati yake, mahali palipokuwa kumbi za wakubwa, watu hupanda tumbaku.

Huenda ukajiuliza magofu hayo yanakuhusu nini. Yanakuhusu sana, hasa wewe mwanafunzi wa fasihi. Ni hapa ambapo Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, kwa kuombwa na sultani wa Pate. Naye Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alimwachia bintiye wosia kwa utenzi mwaka 1858, na wosia huo unasomwa hadi leo. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, mji wa pili kisiwani. Ngome ya Siyu ingalipo ukingoni mwa maji. Katika miaka ya 1840 Wasiyu walilirudisha nyuma jeshi la Seyyid Said wa Unguja, na ni katika miaka ya 1860 tu ambapo mwanawe, Seyyid Majid, aliweza kuwatiisha.

Ukipenda mambo ya kale zaidi, nenda Shanga, pwani ya kusini. Mark Horton, mtaalamu wa mambo ya kale, alichimba huko katika miaka ya 1980 akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine. Ile ya chini ilikuwa ya miti, ya karne ya nane. Ya juu ilikuwa ya mawe. Shanga ilihamwa katika karne ya 15, na tangu hapo msitu ndio mwenyeji.

Je, Pate iliangukaje? Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Mnamo mwaka 1812 hivi, Wapate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walivamia Shela, kisiwani Lamu. Inasimuliwa kwamba waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao, kumbe maji yamekupwa na vyombo vimelala mchangani. Wengi waliuawa papo hapo. Tangu siku hiyo Lamu ikapanda, Pate ikashuka.

Maji hayo hayo ndiyo yaliyokihifadhi kisiwa hiki na kelele za dunia. Wageni wengi huishia Lamu, mji ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Lakini utulivu hauzuii mizizi ya miti kupasua kuta, wala mvua kuila chokaa. Tena dunia inasogea: tangu mwaka 2021 meli kubwa zinatia nanga katika bandari mpya ya Lamu, ng'ambo ya maji.

Kwa hivyo msomaji, ukipata likizo, ulizia kwanza hali ya usalama, kisha jikaze uende. Vaa kwa heshima, toa salamu, na uombe mwenyeji akuongoze. Usiondoke na kigae hata kimoja, maana kuta hizi hazina mlinzi ila mimi na wewe. Bahari ikipwa hujaa tena. Ukuta ukianguka haurudi.